Umeme wa Baada ya Isha

Kijiji chetu kiko upande wa Zombo, kando ya milima, mbali kidogo na barabara inayotoka Kilosa kwenda Mikumi. Umeme wetu hautoki kwenye nguzo kubwa za barabarani. Unatoka kwenye mto mdogo unaoshuka mlimani. Huko juu tulijenga banio la kukinga maji, tukalaza bomba, tukafunga mtambo mmoja wa maji ndani ya kibanda cha matofali. Mtambo ni mali ya wanachama. Kila nyumba yenye waya ina hisa katika ushirika, na kila mwenye hisa ana kura moja mkutanoni, awe anawasha taa tu au anaendesha mashine ya kusaga.

Katika ushirika huo nilipewa kazi mbili, na zote nilizipokea kwa shukrani, maana mtu wa umri wangu aghalabu hupewa kiti, si kazi. Ya kwanza ni kusoma taarifa za ushirika msikitini kila Ijumaa baada ya swala. Mzee wa kanisa huzisoma hizo hizo upande wao Jumapili. Ya pili ni kupita kwenye nyumba za wanachama kuwashauri namna ya kutumia umeme bila kuufuja. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mwalimu wa madrasa, na nadhani viongozi waliona kwamba mtu aliyezoea kurudia jambo lile lile bila kukasirika ataiweza.

Ushauri wenyewe ni wa kawaida. Nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, si shati moja asubuhi na gauni moja jioni. Maharage yalowekwe tangu mchana kabla ya kuingia kwenye jiko la presha la umeme. Friza isisogezwe hadi kugusa ukuta, na isikae jirani na mafiga. Kama haina vitu vya kutosha, ijazwe chupa za maji, ili umeme ukikatika ubaridi ukae. Chaja ya simu ichomolewe simu ikijaa. Watu hunisikiliza kwa adabu, hunipa chai, na nikirudi baada ya mwezi naikuta friza imebanwa ukutani kama mwanzo, juu yake kuna kitambaa cha kufuma na redio. Naisogeza tena. Mwenye nyumba hucheka, nami hucheka.

Mwaka ninaoukumbuka hapa, mvua za vuli zilikuwa hafifu. Mto ulipungua, na mtambo nao ukapungua nguvu. Jioni, watu wakirudi kutoka mashambani na kuwasha vyombo vyao mmoja baada ya mwingine, ulielemewa na kujizima. Ukijizima hauwaki wenyewe. Lazima mlinzi wa mtambo apande hadi kwenye banio, afunge maji, ayafungue upya polepole. Na mlinzi wetu hapandi giza likishaingia, kwa sababu njia ile ndiyo wanayopita tembo wanaotoka upande wa hifadhi kufuata mahindi. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Kwa hiyo mtambo ukijizima jioni, kijiji hulala gizani mpaka alfajiri.

Viongozi wakakaa, wakatoa taarifa. Walisema kwamba kuanzia magharibi mtu abaki na taa na redio peke yake, na vyombo vizito kama pasi, hita ya kuchemshia maji na jiko la presha visubiri hadi baada ya Isha. Walichagua Isha badala ya saa kwa sababu nzuri. Saa za watu hazifanani, na wengine hawana. Spika ya msikiti wetu, kinyume chake, humfikia kila mtu, Mwislamu na Mkristo. Ikiwashwa inakoroma kidogo, na ikizimwa inatoa mlio mfupi kama kifundo cha kidole kinachovunjwa. Hata mzee wa kanisa alikubali kwamba hakuna kengele bora zaidi ya hiyo. Niliisoma taarifa Ijumaa, yeye akaisoma Jumapili, na watu wakaitii. Nasema hivyo bila kutia chumvi, waliitii kweli. Jirani yangu, ambaye hakuwahi kutii hata ushauri wa friza, alikaa na nguo zake kwenye beseni akisubiri Isha ipite ndipo azipige pasi.

Wakati huo huo ushirika ulipokea mwanachama mpya, mama mmoja wa jamii ya wafugaji. Watu humwita yeyo, kama tunavyowaita kina mama wa kwao, na jina hilo linatosha hapa. Boma lake liko chini, tambarare inapoanzia, na lilikuwa la kwanza la wafugaji kupata waya wetu. Haikuwa rahisi kumkubali. Kwetu mkulima na mfugaji wana kumbukumbu ndefu za mazao yaliyoliwa na za ng'ombe waliozuiliwa. Mwenyewe sina cha kujivunia kuhusu nani ni mwenyeji hapa, maana baba yangu aliletwa kukata mkonge upande wa Rudewa, akaoa, akabaki. Mwishoni yeyo alikubaliwa kwa kura, akanunua hisa yake kama wengine, akafungiwa friza kubwa ndani ya kibanda cha mabati.

Friza ile ilikuwa ya maziwa. Maziwa ya jioni ya maboma kadhaa yalilala humo, na alfajiri kijana wa bodaboda aliyachukua kwenda Mikumi, kwenye hoteli moja inayouza chai na maandazi kwa wasafiri wa barabara kuu. Mwenye hoteli alitaka maziwa mabichi ya chai, hakutaka mgando. Hayo ndiyo yalikuwa masharti yake tangu mwanzo.

Nilikwenda kumtembelea kama ninavyowatembelea wanachama wote. Alinisalimu shikamoo kabla sijafika kwenye lango la miiba, nikaitikia marahaba, akawafukuza mbwa. Nilimshauri asiingize maziwa yakiwa bado na joto la kiwele. Chombo kwanza kikae kwenye karai la maji ya mtaroni mpaka kipoe, ndipo kiingie kwenye friza, na mashine haitahangaika. Aliniuliza sababu, nikamweleza, akaniuliza tena kana kwamba ananipima, nikamweleza tena. Nilipopita baadaye nililikuta karai liko mlangoni, vyombo vimesimama ndani ya maji, na friza imeachana na ukuta kwa upana wa kiganja. Kati ya nyumba zote nilizozipitia, yake ilikuwa ya kwanza kunifanya nikose cha kusogeza.

Lakini umeme uliendelea kukatika. Si jioni ya mapema kama zamani. Sasa ulikatika baada ya Isha, karibu kila siku, na ulikatika ghafla. Watu hawakuelewa. Walikuwa wamejinyima saa nzima, wamebaki na taa na redio tu, na malipo yake ni giza kamili. Ndipo lawama ikaanza kutafuta pa kutua, na ikamwona yeyo. Friza yake ilikuwa kubwa kuliko zote, ilifungwa mwezi ule ule tabu ilipoanza, na watu walijua kwamba maziwa yake huingia friza baada ya kukamua, yaani giza likishakolea. Mlinzi wa mtambo alipoulizwa alisema ukweli wake, kwamba friza ikipewa kitu cha moto huvuta umeme mwingi. Kwa waliokuwa wakitafuta wa kulaumu, hilo lilitosha.

Dukani, panapobandikwa taarifa, nilimsikia mwenye mashine ya kusaga akiwaambia wenzake, "Zamani ng'ombe wake walikula mahindi. Sasa wamejifunza kula waya." Walicheka sana. Mmoja akaongeza kwamba mgao ujao wa umeme utapimwa kwa kibuyu. Nami nilikuwapo. Nilijua kuhusu karai la maji, lakini karai peke yake halikuthibitisha lolote. Tangu utoto nilifundishwa, na kisha nikawafundisha wengine, kwamba habari ikikujia uichunguze kabla hujaibeba. Nilikuwa na shaka, na shaka si ushahidi.

Yeyo ndiye aliyeumia zaidi kila umeme ulipokatika. Maziwa yalichachuka. Mwenye hoteli wa Mikumi alivumilia mara ya kwanza na ya pili, kisha akatuma ujumbe kwamba akiletewa tena maziwa yaliyogeuka atatafuta kwingine. Na huku nyumbani viongozi walikuwa wametangaza mkutano, na ajenda niliyopaswa kuisoma mwenyewe ilikuwa ni kujadili kama boma lile likatiwe umeme hadi masika. Kila mtu alijua kwamba ukishakatwa, kuurudisha kutahitaji kura nyingine, na kura ile haitapatikana. Mwenyekiti aliniambia faraghani kwamba hana ubaya na mama yule, ila hawezi kuwaweka watu wote gizani kwa ajili ya mmoja. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Aliona alichokiona.

Kabla ya mkutano kufika, uliingia mwezi wa Ramadhani.

Mkutano ulisogezwa mbele kidogo ili watu waanze mfungo kwa utulivu. Msikitini tuliswali Isha, kisha tarawehe, na spika ikabaki wazi hadi mwisho, kama ilivyo desturi yetu, ili wagonjwa na kina mama walioko nyumbani wasikie kisomo. Siku za mwanzo nilifurahi kwamba umeme haukutukatikia ndani ya swala. Nilimshukuru Mungu, nikadhani mto umepata maji huko juu. Umeme ulikuwa ukikatika tukiwa tumeshamaliza, tukitafuta viatu mlangoni. Watu walinung'unika, wakawasha tochi za simu, wakamtaja yeyo, wakaenda zao.

Jioni moja goti langu lilikataa kusimama. Niliswali Isha nimekaa kwenye kiti, nikamwomba radhi imamu, nikarudi nyumbani kabla ya tarawehe. Mke wangu alishangaa kuniona, akanikunjulia mkeka. Aliniwekea uji, kisha akarudi jikoni na kukaa kwenye kigoda karibu na jiko la presha. Ndani yake aliweka kunde za daku. Hakuliwasha. Alikaa tu, mkono umeegemea ukutani jirani na swichi, akisikiliza kisomo kutoka kwenye spika. Nilimuuliza anasubiri nini. Akaniambia anasubiri watu watoke.

"Lakini Isha imekwisha," nikamwambia.

"Spika haijazimwa," akasema. "Mtu atajuaje?"

Niliendelea kunywa uji. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia jirani akipanga nguo, na nikasikia ubao wake wa pasi ukifunguliwa, kisha kimya. Nyumba ya pili, mama wa Kikristo ambaye hana tarawehe wala daku alikuwa akimwambia mwanawe asiguse hita bado. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa hivyo, nami sikuwahi kujua, kwa sababu saa hiyo kila siku huwa niko msikitini. Tarawehe ikaisha, imamu akaomba dua, watu wakaitikia amina. Kisha ule mlio mfupi wa spika kuzimwa.

Mke wangu akabonyeza swichi. Jirani akabonyeza. Nikasikia hita ya mama yule ikianza kuguruma ndani ya ndoo. Balbu juu ya kichwa changu iligeuka rangi ya chungwa bivu, ikatetemeka, ikazimika.

"Huyo yeyo na maziwa yake," mke wangu akasema gizani, bila hasira, kama mtu anavyosema mvua inanyesha.

Niliweka bakuli la uji chini. Nilikuwa nikifikiria kwamba kabla ya Ramadhani umeme ulikuwa ukikatika baada ya Isha, na sasa unakatika baada ya tarawehe. Ulikuwa umesogea. Na kitu kimoja katika habari yote hii hakikuwa kimesogea hata kidogo.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye uwanja wa shule baada ya alasiri. Wanachama walikuwa wengi kuliko kawaida. Yeyo alikuja na shemeji yake, akakaa pembeni, amejifunga mashuka yake vizuri na shanga zake za siku kubwa. Mwenyekiti alieleza hali ya mto na hali ya mtambo kwa uwazi. Kisha akampa yeyo nafasi. Alisimama, akawasalimu wazee kwanza, akasema maneno machache kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Kama ni mimi, mniambie niifunge mwenyewe. Nitaifunga leo. Sitaki kuona mtu na ngazi anakuja kunikatia mbele ya watoto."

Akakaa. Mwenye mashine ya kusaga alianza kusema kitu kuhusu kibuyu, lakini hakupata wa kucheka naye, akaacha. Niliomba nafasi. Nilisimama kwa shida kwa sababu ya goti, na nikauliza swali moja kwa wote. Niliwauliza kama kuna aliyeona umeme ukikatika baada ya Isha tangu mwezi uandame. Walifikiri. Wakasema hapana, siku hizi unakatika watu wakitoka tarawehe. Nikamgeukia yeyo na kumuuliza ng'ombe wake hukamuliwa saa ngapi siku hizi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. Akasema ni wakati ule ule, ndama wakifungwa.

"Basi," nikawaambia, "ng'ombe hawafungi Ramadhani. Sisi ndio tuliosogeza saa."

Vicheko vilianzia upande wa kina mama. Mmoja wao alimuuliza mwenziwe kwa sauti, "Na wewe husubiri spika?" Mwenziwe akasema anasubiri, tena jiko linakuwa tayari, bado kidole tu. Wa tatu akasema yeye huwanyamazisha hata watoto wasimkoseshe mlio. Vicheko vikaenea. Mwenyekiti alikuwa akicheka pia, huku akijipangusa uso. Sote tulikuwa tumetii taarifa kiasi kwamba mtambo ulikuwa ukibebeshwa pasi zote, hita zote na majiko yote kwa wakati mmoja. Kabla ya taarifa ulielemewa kidogo kidogo. Baada ya taarifa tulikuwa tukiuangusha kwa jamaa, kama safu ya swala inavyorukuu.

Mwenye mashine ya kusaga hakuridhika. Alisema maneno ni mazuri ila mtambo hausikii maneno. Alikuwa na haki kusema hivyo. Kwa hiyo ilikubaliwa tujaribu. Jioni ile yeyo alizima friza yake, na mwenye mashine mwenyewe alishuka hadi kibandani kuhakikisha. Kijiji kikafanya kama kawaida, na spika ilipozimwa umeme ukakatika. Kesho yake friza ikawashwa, na kijiji kikagawanywa. Upande wa juu wa mtaro unaokigawa kijiji wapike na kupiga pasi mchana hadi alasiri. Upande wa chini wasubiri tarawehe, nao wapishane, wenye mapaa ya nyasi kwanza na wenye mabati baadaye. Tulitoka msikitini, tukavaa viatu, tukasimama uani tukitazama balbu ya mlangoni. Iliwaka. Tukaendelea kusimama. Iliendelea kuwaka, na mtu mmoja akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, na wote tukaitikia.

Boma halikukatiwa umeme. Hata kura haikupigwa, mwenyekiti alifunga ajenda kwa kusema haipo tena. Hakuna aliyemwomba yeyo radhi hadharani, na sidhani kama alilitarajia hilo. Mwenye mashine ya kusaga alianza kununua maziwa kwake, na alikuwa akilalamika kila siku kwamba kipimo ni kidogo. Yule mwenye hoteli wa Mikumi hakurudi. Alikwishapata maziwa kwingine kabla hatujamaliza kuulizana. Hilo halikurekebishika, na yeyo alilichukua bila maneno mengi. Kwa muda aliuza mgando Kilosa siku za gulio. Baadaye akapata mama ntilie wawili barabarani, ambao kwa pamoja huchukua karibu kama alivyochukua yule mmoja.

Masika yaliponyesha mto ulijaa, na ushirika ukatoa taarifa kwamba zuio limeondolewa, kila mtu awashe anapotaka. Niliisoma Ijumaa tatu mfululizo, maana watu waliendelea kusubiri Isha. Mke wangu anasubiri hadi leo. Anasema kunde zake zimezoea.

Katika mvua zile upepo uliangusha tawi kwenye waya wa bondeni, na mlinzi wa mtambo alinipitia nyumbani ili tushuke pamoja, yeye akaze waya, mimi nikague friza. Alibeba ngazi begani. Tulipokaribia boma mbwa walibweka, na yeyo akatoka, akaiona ngazi. Hakusalimu. Alitembea mpaka kwenye nguzo iliyo mbele ya kibanda, akasimama akiwa ameipa mgongo, mikono imefungwa juu ya shuka. Watoto walijikusanya nyuma yake.

Mlinzi alishusha ngazi chini kabla hajasema neno, akaelekeza kidole kwenye waya uliolegea. Alieleza kwamba amekuja kuukaza, usije ukamwangukia ng'ombe. Yeyo aliutazama waya, akanitazama mimi. Nilimwambia ni kweli.

Ndipo akasema, "Shikamoo, mwalimu," akasogea pembeni ya nguzo, na kumwambia binti yake alete maziwa ya wageni, yaliyo baridi.